Moto Hapana

Siku yangu ya kwanza kazini nilitetemeka mpaka brashi ikaniangukia mguuni. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na nane, na chef d'atelier, mkuu wa karakana, mzee aliyechora vibao vya maduka, alinipa ubao mweupe akaenda zake. Aliporudi sikuwa nimeandika hata herufi moja. Hakunigombeza. Alisema tu: "Mutoto yangu, woga iko muzuri. Mutu anakosa woga anaandika mbio, kisha watu wanasoma mubaya."

Kwake nilijifunza rangi ya kwanza, ile inayopakwa ili ubao usinywe rangi ya juu, na namna ya kupima nafasi kati ya herufi kwa jicho. Baadaye nilihamia kwenye nyumba ya uchapaji, chini ya directeur, mkuu wake, aliyeamini karatasi kuliko watu. Huyo ndiye aliyenifundisha bon à tirer: karatasi ya mwisho kabla ya kazi kutoka, ambayo mkubwa anaisoma na kuitia sahihi. Baada ya hapo kosa ni lake, si la mchoraji. "Ukisha kuweka sahihi," alizoea kusema, "usitafute tena mutu mwingine."

Nilipofungua atelier, karakana yangu mwenyewe, katika mtaa wa Mangobo, tulichora kwa kompyuta, umeme ukikubali. Kazi zangu zilikuwa mbili: kuuza michoro, na kuwaingiza vijana katika kazi hiyo. Kila kijana nilimtafutia mteja mmoja wa kweli. Mteja akiridhika, alimwandikia attestation, karatasi ya kushuhudia kwamba kazi hii aliifanya yeye. Bila karatasi hiyo kijana anaambiwa na waajiri arudi kesho, na kesho haifiki. Basi niliishi kwa hofu. Niliogopa wateja, niliogopa kompyuta kuungua, na zaidi niliogopa wazazi waliokuja kuniuliza kwa upole kama mtoto wao atapata kazi kweli.

Furaha alikuwa na miaka ishirini na miwili, binti wa wavuvi wa Yanonge, na mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wote niliowafundisha. Nilimpeleka kwa gérant, msimamizi wa depo ya esansi, yaani petroli, kwenye barabara ya Bangboka, aliyetaka kibao cha usalama. Furaha alichora ndimi za moto zilizokatwa na mstari mwekundu, na chini yake maneno MOTO HAPANA. Nikamwambia aondoe mchoro. Niliogopa gérant angesema ni kazi ya watoto. Furaha akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo, nikaukata mchoro kwa kalamu kwenye bon à tirer, nikatia sahihi.

Kibao kilipotundikwa tulikwenda pamoja kukitazama. Ndani ya ua wafanyakazi walikuwa wakimimina esansi kutoka pipa moja hadi jingine, na harufu yake ilikaba koo. Mwenye pikipiki mmoja akafika, akasoma kibao, akazima injini na kuiegesha nje ya lango. Kisha akaingia kwa adabu, sigara ikiwaka mdomoni.

Mimi nilirudi nyuma hadi langoni. Furaha alikimbia kumwelekea, akipaza sauti kwa Kilingala, "Tonton, boma likaya!" yaani azime sigara. Yule baba akashtuka, akatoka mbio na kuizimia barabarani, mbali na mapipa. Akarudi ametoa macho, kama mtu aliyeonewa.

"Mama, mimi niliheshimu kibao," aliniambia. "Moto yangu niliacha inje."

Ee Mungu wangu! Hapa kwetu pikipiki ni moto, kwa Kifaransa, na kila mtoto anajua. Mimi niliyezaliwa katika nyumba ya Kiswahili nilisoma moto wa kuunguza tu. Ule mchoro ungemwambia ni moto upi.

Gérant alitoka ofisini, uso umemvimba. "Nani aliandika hii?"

Furaha alinitazama. Nilijua jibu; bon à tirer yenye sahihi yangu ilikuwa mkobani. Lakini niliona wateja wote wa mjini wakinikimbia, atelier imefungwa, nikanyamaza. Furaha akasema, "Ni mimi, papa." Gérant akamwambia asikanyage tena pale, na attestation asahau.

Njiani aliniuliza swali moja tu. "Mama, uliogopa?"

"Niliogopa."

"Mimi pia," akasema, akapanda moto ya kwanza iliyosimama.

Asubuhi iliyofuata nilirudi depo peke yangu na bon à tirer. Nilimwonyesha gérant sahihi yangu na mchoro nilioukata. Alinifukuza, kazi zake zote akazipeleka kwingine, lakini attestation ya Furaha aliiandika. Nilimpelekea kwao. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na atelier yangu hakuirudia.

Sasa nimestaafu. Vijana mnaosoma haya mtaniuliza ufundi, nami nitawaambia someni kila neno kwa masikio ya jirani yenu. Hilo mtajifunza upesi. Kutamka "ni mimi" kwa wakati wake, hilo mimi nililijifunza kwa kuchelewa usiku mmoja. Nilipofunga kazi nilimtumia Furaha ujumbe kwamba funguo za atelier ni zake, akizitaka. Alijibu kwa heshima: "Aksanti, Mama, lakini hapana." Sikumuuliza sababu. Niliogopa angeniambia.