Kiapo cha Mahfoudh Bawabu

Tangu juzi mnanishika nguo niandike habari za Mahfoudh, na hali mnajua mkono wangu mzito, nimesoma kidogo tu na hicho kidogo kimeshaliwa na uzee. Haya. Naandika mara moja, na mwisho nna neno nanyi.

Mahfoudh alikuwa bawabu wa mahkama miaka thelathini. Kila asubuhi alitoka mtaani kwetu, nyuma ya Mawaleh, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi mpaka ungeweza kujikata nayo. Watu walimfikia yeye kabla ya kadhi. Alijua nani anagombania urithi na nani kaja kumwacha mke huku analia. Mwenye kesi ya ardhi ya zamani, kadhi akitaka mashahidi wawili wanaoijua, alimwomba Mahfoudh, na neno lake halikuwahi kurudishwa.

Kitu kimoja tu kilimuuma. Alikuja Oman kutoka Unguja ana miaka kumi na tisa, na makarani hawakumwacha asahau. Loai, karani wa mafaili, kila akipita humwambia, "Mahfoudh, wewe hata ukiapa unanukia karafuu." Wenzake wakacheka, naye akacheka nao, kisha akarudi kwenye kiti chake pale mlangoni uso umemshuka.

Mwaka wake wa mwisho kazini, jirani yake Abdulrazak akataka kuthibitishiwa kipande cha marehemu babake, kando ya wadi, lile bonde la mawe makavu linaloteremka kutoka milimani kwenda baharini. Alitaka kumjengea bintiye, Atheer. Kadhi akamwuliza Mahfoudh kama anaijua ardhi ile tokea zamani, na kama maji yamewahi kupita pale.

Hapo ndipo. Bi Wadha, mwenyeji wa pale aba an jadi, Mungu amrehemu, alikuwa keshamwambia barazani kwake kwamba utotoni mwake maji yalishuka yakabeba shamba zima la mitende. Mahfoudh alilikumbuka neno lile. Lakini Loai alikuwa kasimama na faili mkononi, anamtazama na kile kitabasamu chake. Kusema "nimesikia" ni kukiri kwamba hukuwapo, na ambaye hakuwapo ni mgeni. Mahfoudh akaweka mkono juu ya msahafu, akasema anaijua ardhi ile tokea zamani, na maji hayajapita.

Nyumba ikajengwa. Atheer akahamia na wanawe watatu. Miaka sita mvua zilikuja, hata tufani ilikuja, na maji yakapita mkono wa pili wa wadi, mbali. Mahfoudh akaanza kupata usingizi.

Mwaka huu mkono ule wa pili umepitishiwa barabara, tuta refu la udongo na mawe, limeziba njia ya maji. Na mwezi uliopita Abdulrazak akaita watu wachimbe shimo la maji machafu nyuma ya nyumba ya bintiye. Kimo cha mtu chini, wakakuta mashina ya mitende. Mahfoudh akenda kutazama kama wengine. Mashina saba, yote yamelala, vichwa vyote vimeelekea baharini, kama watu waliosukumwa kwa nyuma. Wachimbaji wakayakata, wakayatupa. Mahfoudh hakuweza kumaliza kahawa aliyopewa.

Siku ya pili akavaa kama mtu anayekwenda kazini, akenda mahkama. Loai sasa ndiye mkubwa wa makarani. Mahfoudh akamwambia anataka kukirudisha kiapo chake. Safari hii Loai hakutania. Alifunga mlango, akamweleza polepole kwamba hukumu imeshapita na hati imeshatoka, na mtu akisema aliapa uongo atashitakiwa yeye, na nyumba itabaki pale pale. Akamsihi arudi kwake apumzike.

Hakurudi kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Atheer, akamkuta anaanika nguo, na juu ya milima kumeshaanza kuwa kweusi.

"Hameni, mwanangu," akamwambia. "Mimi si mtu wa hapa. Niliapa kitu nisichokijua."

Miaka hamsini alikuwa hajayatamka maneno hayo mbele ya mtu.

Atheer akamtazama kwa huruma, akamvutia kiti. "Ami Mahfoudh, basi nani mtu wa hapa kama si wewe? Baba husema ardhi hii hakuna aijuaye kuliko wewe. Kaa, unywe maji."

Akakaa. Na tokea siku ile hukaa pale kutwa, kwenye kiti cha plastiki upande wa wadi, kama alivyokuwa akikaa mlangoni pa mahkama, macho milimani. Wenyewe wanasema mzee akili zimeanza kumtoka.

Leo tangu alfajiri redio inasema mvua kubwa milimani, na upepo unaleta harufu ya udongo uliorowa, na hapa kwetu hapajadondoka hata tone. Mimi nimekwenda kusema, nikaambiwa nami nimezeeka. Sasa nyinyi mlionisumbua, nyinyi mliosoma, wenye magari na simu: nimeshaandika. Nendeni kwa wali, mkubwa wa wilaya, na akichelewa nendeni wenyewe mkamshike Atheer mkono, mumtoe na wanawe. Na Mahfoudh mumbebe na kiti chake, maana kwa hiari yake haondoki pale. Msikae mkasoma mara ya pili.