Nilimshika Miguu Rafiki Yangu Akipigwa kwa Sababu ya Kidirisha cha Kompyuta

Admin, nifichie jina, na kampuni usiitaje. Leo ni Jumatano, mwezi wa saba tangu niage nyumbani Singida. Nina miaka thelathini na minne, mke na watoto wawili. Shule niliishia kidato cha pili. Nafanya kibarua kwenye mashamba ya chumvi upande wa Saadani. Kutwa tunakokota chumvi kwa koleo, miguu imechanika. Kwa kuwa najua kusoma, msimamizi alinipa pia kazi ya kuandika mahudhurio ya vibarua kwenye kompyuta ya ofisini kila asubuhi.

Mwezi uliopita kompyuta ilianza kuleta kidirisha. Kila nikifungua programu ya kuandikia kinatokea katikati ya kioo, kwa Kiingereza, kinazungumzia faragha na kuuliza kama turuhusu taarifa zitumwe. Nabonyeza kukubali ili kiondoke. Kesho yake kiko palepale. Sikumwambia mtu.

Siku msimamizi alipokiona, alisoma kwa kidole, neno kwa neno, kisha akafunga mlango na kunikaba shingo. Huyu mtu huandika magunia pungufu, mengine anauza kwa njia zake bila tajiri mwenye mashamba kujua, ila sisi wote tunajua. "Wewe mtu wa bara, nani kaniwekea kidudu cha kupeleka siri zangu kwa tajiri?"

Ndugu zangu, pumzi ilikuwa inakata. Nikasema, "Bosi, mimi naandika majina tu. Shomari ndiye huchomeka simu yake hapa."

Nimwite Shomari, si jina lake, ni kibarua mwenzangu. Kwao ni Mkange. Ndiye aliyenipokea nilipofika huku sina pa kulala, nikafuturu kwa mama yake Ramadhani nzima na mimi si Mwislamu.

Alipoitwa alicheka, akidhani ni utani. "Bosi, simu yenyewe ya tochi, itaiba siri gani?" Kofi likamkata maneno. Msimamizi akachukua mpini wa koleo, akaamuru tumlaze. Vibarua wawili walishika mikono. Mimi niliambiwa miguu, nikashika. Alipigwa mgongo, mabega, kichwa. Alichomoa mkono mmoja ajikinge, mpini ukatua juu yake, nikasikia mfupa ukivunjika. Damu ikamtoka sikioni. "Kaka, waambie," alinililia mimi, "waambie mimi kompyuta siijui!" Nikazidi kukandamiza.

Walimpakia kwenye bodaboda kama gunia, wakamrudisha kwao. Hospitali alisema ameanguka, maana aliahidiwa kuuawa akitaja mtu.

Asubuhi iliyofuata nikafungua kompyuta. Kidirisha hicho hapo. Nikakifunga, nikampigia fundi kompyuta mmoja wa Lugoba. Akacheka. "Hicho si kidudu, kaka. Programu inauliza mipangilio yake ya faragha. Mnafungua bila intaneti, jibu halihifadhiwi, ndiyo maana inauliza kila siku. Iunganishe na simu yenye bando, jibu mara moja, funga, fungua tena." Nilifanya hivyo, hata dakika tano hazikufika. Hakijarudi mpaka leo.

Hapo ndipo nilipomzika kabisa mwenzangu. Msimamizi anazunguka akijigamba, "Mmeona? Kaondoka yeye, na kidudu chake kimekoma!" Hata waliokuwa wakimhurumia Shomari sasa wanamwita mchongezi.

Juzi Shomari kanipigia. Mkono umefungwa hogo la plasta, sikio moja halisikii. Nilitegemea matusi. Akaniambia, "Najua walikulazimisha kunishika, sina kinyongo na wewe. Jumamosi nakuja na baba mdogo kusafisha jina langu. Wewe unaijua ile mashine, utanisemea."

Nilimsihi asije. Akasema, "Nisipokuja ndiyo nimekubali kuwa mchongezi."

Msimamizi kashapata habari. Ameapa Shomari akikanyaga hapa hatoki mzima, na watu wa kumshika ameshawachagua. Mimi nimo.

Nikisema ukweli, mimi ndiye nitakayelazwa chini, na Shomari atajua nani alimtaja. Nikinyamaza, watammaliza mbele yangu, akinitazama mimi. Sasa hivi naandika haya, begi limeshafungwa.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nitukaneni lakini mnishauri: nibaki niseme, au niondoke? Mke wangu nimemwambia nitafika Ijumaa jioni.