Kitambaa Juu ya Mashine

Kila asubuhi, kabla ya kwenda dukani kuchapa barua za watu na kupiga picha za vitambulisho, mchapaji alimsimamisha mama yake mbele ya picha ya ukutani na kumwuliza swali lilelile.

"Mama, huyu nani?"

Zamani jibu lilitoka kabla swali halijaisha: "Si Mzee wa Saa, baba yako!" Baadaye likawa linakuja baada ya mama kuvuta pumzi. Siku hizi aliitazama picha hadi chai ikafanya utando, ndipo akasema, kama mtu anayeokota kitu kilichoanguka, "Wa Saa... wa Saa." Mchapaji mwenyewe alikuwa amekwisha kusahaulika. Mama alimwita "dada", kwa adabu zote, kama unavyomwita mtu usiyemjua aliyekupisha kwenye kiti.

Haraka yote ilianzia hapo. Mjomba alikuwa ameleta mkanda wa video uliopigwa kwa kamera ya kuazima, dakika arobaini za mchana mmoja ndani ya nyumba hiihii, baba akiwa hai bado na mama akiwa kijana. Lakini mkanda ulikuwa umeliwa na ukungu. Picha ilikuwa chenga tupu, na sauti ilichachatika kama mafuta ya moto. Mchapaji aliuhamishia kwenye kompyuta yake ya nyumbani, akapata programu ya kuusafisha, picha moja baada ya nyingine, na ilipopiga hesabu ya muda ikasema bila haya: siku tisa. Tena ilikuwa programu ya kizamani, isiyojua kuweka akiba. Ikikatika njiani, inaanza upya kabisa.

Siku tisa! Akizikumbuka zile pumzi za mama mbele ya picha, aliona siku tisa ni umri wa mtu.

Kompyuta yake ilikuwa ya mtumba, na prosesa yake, ule ubongo wa mashine, ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote za ukoo wake. Ila walioitengeneza hawakuifunga kasi. Ukiingia kwenye mipangilio ya ndani, mashine ikiwa haijaamka vizuri, unaweza kuipandisha mapigo. Na mchapaji alikuwa binti wa fundi saa. Utotoni alicheza chini ya meza ambayo kazi yake ilikuwa kurekebisha mapigo. Akapandisha hatua moja, akaipa mashine kazi ngumu ya saa nzima, akatazama joto. Akapandisha nyingine. Ilipoanza kugandaganda aliiongezea umeme, kidogo tu. Akaing'oa feni, akafuta grisi ya kupitishia joto iliyokuwa imekauka kama tope la kiangazi, akapaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Joto lilipotulia kwenye nyuzi sabini na tano, naye akatulia. Programu ikapiga hesabu upya: siku saba.

"Siku mbili nimeziiba," alimwambia mama.

"Rudisha, dada," mama akamjibu. "Wizi haufai."

Siku ya pili, aliporudi kutoka kazini, alikuta skrini nyeusi. Mashine ilikuwa imezimika yenyewe mchana, kila kitu salama, feni safi, dirisha wazi. Shangazi, aliyekuwa akishinda na mama, hakuwa na hili wala lile. Baada ya chakula cha mchana huyo alikuwa akilala usingizi wa pono mpaka jua lipoe. Mchapaji akaona bila shaka umeme haukutosha. Akaongeza kidogo, akaanza upya. Kesho yake ikazimika mapema zaidi. Akaongeza tena. Ikazimika mapema kuliko jana.

Akamwendea fundi wa kompyuta wa duka la tatu kutoka lao, mtu aliyeitwa Taratibu kwa sababu hata kupiga chafya alikuwa akipangia siku. Taratibu alisikiliza, akachorachora kwenye karatasi, akajikuna kisogo.

"Dada yangu, hiyo unailisha tu. Kila unapoiongezea umeme unaiongezea joto. Haina njaa hiyo. Kuna kitu kinaikaba pumzi."

"Nitakijuaje?"

"Kaa nayo. Wewe unaitazama jioni, yenyewe inakufa mchana."

Asubuhi iliyofuata mama alisimama mbele ya picha muda mrefu, kisha akageuka na uso mtupu usio na dalili ya kutafuta chochote. "Simjui, dada. Ni ndugu yako?"

Mchapaji hakwenda dukani siku hiyo. Akapiga simu kazini kuomba ruhusa ya siku moja, akaiwasha mashine, akakaa nyuma ya pazia la mlango wa chumba cha pili kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe.

Mchana ukaingia. Mwanga ulipita kwenye pazia la dirisha ukawa na rangi ya asali, na vumbi likaelea ndani yake bila kushuka wala kupanda. Shangazi akaanza kukoroma. Mashine ikavuma polepole, na mvumo wake ukajaa chumbani hadi ikawa vigumu kujua kama ni feni inayovuma au ni mchana wenyewe unaopumua. Mchapaji akawa katikati ya usingizi na macho, akamwona mama anaingia pekupeku.

Mama aliinama, akaweka mgongo wa mkono wake ubavuni mwa mashine. Akatikisa kichwa kwa huruma. Akaenda kabatini, akatoa kile kitambaa kikubwa alichokifuma mwenyewe zamani, akakikunjua, akaifunika mashine gubigubi, akachomeka pembe chini vizuri, akaipigapiga kwa kiganja. Kisha akakaa sakafuni kando yake, akaimba wimbo usio na maneno.

Kwenye skrini joto lilipanda. Themanini na mbili. Themanini na tisa. Mchapaji alikuwa kama mtu anayeota anakimbia na hasogei. Tisini na tano, skrini ikawa nyeusi, ndipo akaruka.

"Mama! Ana joto huyo, unamfunika wa nini?"

Mama akashtuka. "Anahema, dada. Nilidhani anasikia baridi."

Hasira yote ikamwishia mchapaji palepale. Akaona aibu. Siku zote hizo mama alikuwa akimwuguza mtu. Akaketi naye sakafuni, akakikunja kitambaa, akararua kipande cha boksi na kumtia mkononi. "Huyu ni wa kupepea, mama. Mpepee taratibu tu."

Kisha akaurudisha chini umeme wote aliouongeza kwa ujinga, akapunguza na hatua moja ya kasi. Programu ikasema siku saba na nusu. Akaikubalia. Kila mchana mama alikaa pale akipepea, na shangazi, aliyekwisha kuchekwa vya kutosha, alikaa macho akimwangalia. Joto halikuvuka sabini na moja.

Siku ya nane, mchana, kazi ikaisha. Mchapaji alimvutia mama kiti, akabonyeza.

Chenga zilikuwa zimeondoka. Chumba kilikuwa hikihiki. Mtoto wa kike mwenye homa alilala mkekani, na baba, lenzi bado jichoni, aliinuka kwenye meza yake ya saa, akachukua kitambaa kilichofumwa nusu, akamfunika mtoto kwa uangalifu wa mtu anayefunga saa ya thamani. Halafu sauti ya mwanamke kijana ikatoka, safi kabisa:

"We baba! Ana joto huyo, unamfunika wa nini?"

 Mchapaji hakukumbuka kuwahi kuyasikia maneno hayo. Yalikuwa yamezikwa chini ya ukungu miaka yote.

Pembeni yake mama alikuwa anacheka. Alicheka hadi mabega yakatikisika. "Mzee wa Saa huyo! Hasikii! Kila siku namwambia, hasikii!"

Akaliweka chini boksi lake. Akamgeukia mchapaji, akamtazama machozi yakimchuruzika, akaweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso wake na kuuacha hapo.

"Umeshapoa, mwanangu," alisema.