Niliinywesha pikapu maji ya magadi, nusura mama Yohana akose kupasuliwa jicho

Wakuu, habari za mchana. Rika langu salamu, wadogo shikamoo zenu nimezipokea.

Haya sijayapamba. Mama Yohana, mke wangu, yupo hapa pembeni, nikidanganya atanikatiza.

Nina pikapu kuukuu. Niliinunua ikiwa imechoka, tukaendelea kuchoka wote. Mama Yohana anaiita mke mwenza, eti asubuhi naisalimia kabla yake. Si kweli. Mara moja moja tu.

Sasa mama Yohana alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mimi alinijua kwa kikohozi tu. Akapangiwa kupasuliwa hospitali ya Haydom, tufike kabla ya saa nane mchana. Daktari mwenyewe mgeni, kesho yake anaondoka, na kurudi hakujulikani.

Watu wakasema mpandishe basi. Nikakataa. Mke wangu apande basi na gari ninalo?

Tukatoka kwetu Masakta asubuhi. Kukaribia Hirbadaw mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka, mbele kitu kinagonga. Nikazima. Injini ilipopoa nikashika feni, inacheza kama jino la mtoto. Maji yanachuruzika kwenye water pump, ile pampu ya kuzungusha maji ya injini.

Basi likapita, limejaa, halikusimama. Mama hakuliona ila alilisikia.

"Ndilo lile nililokatazwa?"

Nikainamia injini. Nyie mngefanyaje?

Akatokea mama mmoja wa Kibarbaig na punda wake wamebeba maji. Akatuamkia vizuri. Akaona nashika dumu langu la akiba nijaze rejeta, akaniomba kwanza. Akamimina kiganjani, akaonja, akatema.

"Baba, maji haya hata punda wangu anakataa. Unampa gari?"

Hapo nikiri, wakuu. Maji yale ni ya kisima cha bondeni kwetu, yana magadi. Mimi shule niliishia la nne, nikawaza hivi: magadi yanalainisha maharage, basi na kutu ya rejeta yatailainisha. Miaka mitatu naijaza hayo, tena kwa mapenzi!

Yule mama akatoa simu ndani ya shuka, akamwita fundi wa Hirbadaw, Paskali, nami nikamweleza aina ya gari na kinachovuja. Huyo akaja na pikipiki, pampu ameifunga kwa mpira nyuma. Aliing'oa kwenye pikapu mbovu iliyolala uani kwake, ya aina ile ile.

Akafungua feni na mkanda. Bolti tatu zikatoka, ya nne ikagoma. Akaipaka oili, akaigonga taratibu, akaanza kuibembeleza kwa Kiiraqw. Nikamuuliza kwa nini asiitukane. Akasema, "Mzee, ukiitukana inakatikia ndani."

Ikatoka. Pampu yangu ndani mapanga yameliwa, yamebaki kama masega ya nyuki. Akakwangua uso wa injini pale pampu inapokaa mpaka ukang'aa, akaweka gasketi, akafunga mpya. Mpya kwa jina, lakini haichezi.

Yule mama wa punda akatupa madumu mawili ya maji matamu, maji ya watoto wake. Moja la kusuuza, moja la kujaza. Nikimshukuru anaangalia pembeni.

Tukafika saa nane imepita. Nesi alifoka, namwelewa. Kisha akamtazama mama, akamshika mkono, wakaingia.

Kesho yake wakafungua bandeji ya jicho la kulia, ndilo walilolipasua. Mama akanitazama muda mrefu mpaka nikaogopa.

"Baba Yohana. Shati hili ndilo ulikuwa unanipeleka nalo kanisani?"

Akacheka. Mimi machozi, yeye anacheka.

Nilichojifunza: maji usiyoweza kunywa usiipe gari, weka coolant, ile dawa ya rejeta ya dukani, au hata maji ya mvua. Na feni ikianza kucheza usisafiri. La mwisho ni gumu kulisema: siku ya mgonjwa ni ya mgonjwa, si ya gari lako. Basi lilikuwepo.

Mnaokaa kwenye maji ya chumvi, nyie rejeta mnajaza nini? Andikeni, hata kunicheka ruksa. Macho yangu nayo yameanza ukungu, ila mama Yohana atanisomea.