Karatasi Namba Kumi na Nne

Mimi si mtu wa kusifu watu, na Taimi akisikia ninamsifu atauliza nimekunywa nini. Lakini acha niseme. Huyu mama ni dada wa Lempi, marehemu mke wangu, na kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha risasi kule kusini. Kutoka kila fungu alichagua risasi kadhaa, akazilaza kwenye friza, asubuhi akazipiga. Nyingine alizipitia kwa macho na vidole, moja baada ya nyingine. Akiridhika, ndani ya kila boksi aliweka kikaratasi chenye namba yake, kumi na nne. Jina halikuandikwa. Alipostaafu alirudi kijijini kwetu Lehtovaara na maboksi manne ya fungu lake la mwisho, akanipa mimi yote.

"Zipige kwa adabu, shemeji," aliniambia. "Humo ndani nimo mimi."

Tangu Lempi afariki, Taimi ndiye anayesafisha bunduki yangu pia. Sikumwomba. Alikuja siku moja, akachungulia ndani ya mtutu, akapiga yowe. "Oiva! Hii ni bunduki au bomba la jiko?" Akaondoka nayo kwapani. Tangu hapo ikawa mazoea: huichukua chafu, huirudisha safi, pamoja na mkate mtamu wa iliki na maneno makali ya kutosha wiki nzima. Mafuta yake ya bunduki huyachanganya mwenyewe, na humo hutia tone la lami ya msonobari. Kijiji kizima kinaijua harufu hiyo. Mimi nikipita dukani watu hujua nimetembelewa na shemeji yangu.

Basi, Desemba iliyopita tulikuwa kwenye msako wa hirvi, yule mnyama wa msituni mkubwa kuliko farasi, mwenye pembe. Baridi ilikuwa digrii ishirini na sita chini ya sifuri, theluji imefika magotini. Nilisimama kwenye kituo changu tangu kupambazuke, miguu siisikii tena. Mara nikamsikia Musti, mbwa wa kiongozi wetu wa msako, Kalervo, anabweka kwenye miberoshi. Dume likatoka, kubwa, pembe pana kama makoleo, likasimama ubavu kwangu, hatua arobaini. Hata mtoto asingelikosa. Nikalenga, nikavuta.

Tak.

Hicho tu, tak, risasi haikulia. Nikasubiri kidogo, mtutu ukielekea kule kule, kama tulivyofundishwa. Nikavuta bolti, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, nikaingiza risasi nyingine. Tak. Dume likanisikia. Likageuka, na katika kugeuka likampiga Musti teke la ubavuni, likatokomea. Kelele aliyopiga yule mbwa sitaki kuikumbuka.

Tulimvuta Musti kwa kijisleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, mpaka kwenye kibanda chetu. Binti yake Kalervo, ambaye ni muuguzi wa wanyama, akamfunga bendeji, akasema mbavu mbili zimevunjika lakini atapona. Bunduki zetu tuliziacha nje kwenye rafu, kama kawaida, maana ukiingiza bunduki baridi ndani ya joto inatoka jasho. Taimi alikuwa jikoni anakoroga supu. Mimi nikaingia na hasira zangu zote, nikazitupa zile risasi mbili mezani.

"Haya, namba kumi na nne! Hizi ndizo ulizozipitisha? Takataka! Tazama mbwa wa watu!"

Loo, mdomo wangu huu! Lempi alikuwa akinifinya chini ya meza kwa sababu yake, sasa hakuna wa kunifinya.

Kalervo akajaribu kupoza. "Taimi, hakuna anayekulaumu. Risasi zina miaka tisa. Lakini kuanzia kesho hakuna mtu wa kundi hili atakayezitumia. Zilizobaki tutazipeleka polisi zikaharibiwe."

"Zikaharibiwe," Taimi akarudia. Alizima jiko, akafuta mikono kwenye aproni. Mama huyu hana mtoto, hana nyumba kubwa, kiwandani hawakumpa hata saa ya ukutani. Alichokuwa nacho ni ile namba tu. Kama risasi zile zilikuwa mbovu, miaka thelathini na moja ilikuwa mbovu pamoja nazo, na mimi ndiye niliyemwambia hivyo mbele za watu wanane.

Akavaa miwani, akazishika risasi karibu na dirisha.

"Kalervo, njoo uone. Hapa nyuma, kwenye fataki, pini ya bunduki inapogonga, panatakiwa shimo. Unaona shimo?"

"Naona alama."

"Ndiyo. Hii haikugongwa. Imepapaswa!"

Mtu akacheka pembeni. Taimi hakucheka. "Bunduki yako ni ya kipimo kile kile. Twende nje."

Tukatoka wote mpaka kwenye shimo la changarawe nyuma ya kibanda. Kalervo akaingiza risasi ya kwanza kwenye bunduki yake, akalenga ukuta wa mchanga. Ikalia mpaka theluji ikadondoka matawini. Ya pili nayo ikalia. Kalervo akavua kofia. "Basi, nimekubali. Risasi ni nzima. Tatizo liko kwenye bunduki ya Oiva."

Moyo wangu ukatulia kwa raha, kusema kweli. Nilitaka kumwomba msamaha pale pale. Lakini yeye alikuwa ameshaifuata bunduki yangu kwenye rafu. Akachomoa bolti, akaifungua, akapitisha kidole ndani. Kidole kikatoka na mafuta yaliyoganda, mazito kama uji uliolala. Ndiyo sababu pini ilikuwa ikitambaa badala ya kugonga. Hapa kwetu hata mwindaji wa mwaka wa kwanza anajua kwamba baridi ikiingia, bolti hufutwa hadi iwe kavu kabisa.

Akakinusa kile kidole. Akasimama hivyo hivyo, kidole puani.

Nami nikaisikia ile harufu ya lami. Nikakumbuka mvua za Oktoba, alivyonirudishia bunduki imelowa mafuta, akasema, "Hii ni ya kuzuia kutu. Baridi ikija nitakuja kuifuta." Hakuja. Nami sikumkumbusha, mvivu mkubwa mimi.

"Ni mimi!" nikasema haraka. "Nilipaka mwenyewe juzi. Nilichukua chupa yako bila kukuuliza."

Taimi akanitazama juu ya miwani.

"Mwongo wewe, shemeji. Hujawahi kusafisha bunduki tangu uzaliwe."

Wakaangua kicheko wote, hata Kalervo. Taimi akangoja wanyamaze. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Ni mimi. Niliahidi kuifuta, nikasahau. Risasi hazina kosa. Mkaguzi ndiye mwenye kosa."

Akaingia ndani, akapiga magoti sakafuni mbele ya Musti, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu." Mbwa akamlamba kile kidole chenye mafuta. Nilitoka nje kwa kisingizio cha kuni, nikalia kidogo, na machozi yakagandia kwenye ndevu.

Msako uliofuata ulikuwa Jumamosi. Nilipofika kibandani Taimi alikuwa ameshafika, amesimama barazani na bunduki yake mwenyewe. Alikuwa ameitoa bolti na kuifunga kwenye kitambaa cheupe. Akaninyooshea.

"Nikagulie."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kukagua kazi ya Taimi, na sasa alikuwa ananipa mimi, mimi wa bomba la jiko. Nikavua glavu. Nikapitisha kidole ndani, nikanusa, nikaielekeza kwenye mwanga kama nilivyomwona yeye akifanya.

"Kavu," nikasema.

"Una hakika? Macho yangu siku hizi siyaamini. Angalia tena, Oiva."

Nikaangalia tena, polepole, kila mahali.

"Kavu kabisa, shemeji."

Akaichukua, akairudisha kwenye bunduki, akanyoosha mkono. "Haya, lete na yako."