Ukurasa wa Esther

Karatasi ikilowa mafuta ya mandazi hutoa harufu ambayo siiwezi hadi leo. Nikifungiwa mandazi pale mtaa wa Nengo, hapa kwetu Gisenyi, nayala harakaharaka, kisha karatasi naitupa bila kuitazama. Nivumilieni, nitawaambia sababu.

Darasa la tano tulikuwa wanafunzi arobaini na kitabu kimoja cha hadithi, cha picha na maneno machache, kuhusu watoto waliounda chombo kwa mabati wakaruka hadi sayari isiyo na usiku. Mwalimu Anastase, mtu asiye na papara, alikata uzi wa kitabu kwa wembe na kumpa kila mmoja wetu ukurasa wake. Tulikwenda nao nyumbani katikati ya daftari, tukaukariri. Kila Ijumaa wachache walisimama kwa zamu, wakasoma na kuonyesha picha, na ilikuwa marufuku kuchungulia ukurasa wa mwenzako kabla siku yake haijafika.

Mimi niliangukia ukurasa wa injini. Haukuwa na mtoto wala maneno, ila "grrr" kubwa nyekundu. Niliisoma grrr yangu kwa moyo wote, darasa likacheka, zamu yangu ikaishia hapo. Ukurasa wa mwisho, ambao ungetuambia kama wale watoto wanarudi duniani, ulikuwa wa Esther.

Esther alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Alikaa Goma, upande wa Kongo, na kila asubuhi alivuka mpaka kwa miguu na sare yake, kama watoto kadhaa wa upande ule. Wakati wa mapumziko alinigawia mandazi ya mama yake. Niliyala, na huku roho ikiniuma kwa wivu wa ule ukurasa.

Alhamisi, siku moja kabla ya zamu yake, kidole chake chenye mafuta kiliacha doa usoni pa mtoto mmoja wa pichani. Lilikuwa doa dogo, kama punje ya haragwe. Akaniuliza afanye nini.

"Mwalimu atakufukuza," nikamwambia. "Na mama yako ataitwa."

Nilijua ni uongo. Nilitaka aogope aniachie ukurasa, nisome mimi. Hakuniachia. Aliurudisha ndani ya daftari, akashika njia ya mpakani huku akijifuta machozi.

Kesho yake hakuja. Kusema kweli nilikasirika kwamba ukurasa umebaki Goma. Tulimsihi mwalimu atusimulie mwisho, akakataa. "Iko wa Esther," alisema. "Tutamungoja."

Mchana ule mpaka ukafungwa. Watoto wa Goma waliokuwa darasani waligawanywa kwa familia za hapa mjini, wakakaa miezi, wakasoma, hata wakanenepa. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama ameshatandika godoro la Esther chumbani mwangu. Aliniuliza mbona siko naye. Nikasema hakuja, sijui kwa nini. Mama akalikunja godoro.

Mpaka ulipofunguliwa tena, Esther hakurudi. Mwaka jana nilikutana na mama yake akiuza vitenge sokoni Gisenyi. Ni yeye aliyenitambua. Alinieleza kwamba wiki chache baada ya mpaka kufungwa vita viliwakimbiza, na Esther akashikwa na surua njiani. Walimzika hukohuko.

"Ile siku alisema tumbo inamuluma," alisema. "Mi nikamuacha alale. Ningemusukuma aende masomo, angebakia kwenu, angekuwa muzima. Ni mi nilimuua, mwanangu."

Miaka yote ile niliamini uongo wangu ulitunyima mwisho wa hadithi tu. Pale mbele ya vitenge vyake ndipo nilipoelewa kwamba kuna mama anayelala na kuamka akijilaumu kwa kosa langu. Nilipaswa kumwambia kwamba tumbo la Esther lilikuwa zima, kwamba mtoto aliogopa uongo niliomwambia mimi. Badala yake nikasema, "Pole sana, mama," naye akanishika mikono yote miwili, akanishukuru.