Mtani Wangu na Sauti za Mlimani

Mimi ni zao la masomo ya jioni. Nilisoma historia nimechoka kiasi kwamba vita vyote vya zamani nilivipigana usingizini, na bado nikafaulu, hatimaye nikawa mhadhiri hapa Morogoro. Miaka mingi nilipanda Uluguru na kinasa sauti, nikila ndizi za kuchemsha za kulisha kambi ya jeshi, nikimrekodi bibi mmoja akisimulia habari za ukoo wao. Aliniita mjukuu. Aliniomba jambo moja tu: kitabu nilichokusudia kuandika kikitoka, nipande nikamsomee.

Chuo kiliponitaka niingie utawala, aliyenisukuma ni rafiki niliyefundisha naye. Kabila lake na langu ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akikutukana unacheka. Akibeba kuku wako unamsindikiza.

“Kubali cheo, mtani. Sauti zako niachie, nitazilea.”

“Usije ukazila.”

“Nitazila na mifupa. Utanifanya nini?”

Nilicheka mpaka vifungo vya shati vikaruka. Nikamkabidhi kila kitu.

Utawala ukanimeza. Vikao vyetu, mtu aliingia kapera akatoka na wajukuu. Nikawa mtu wa mabomba ya mabweni na magari mabovu. Kila nilipouliza habari za sauti zangu alijibu, “Zinanenepa, mtani.”

Mwaka jana nikapata likizo, nikapanda. Bibi alikuwa uani anapukuchua maharage. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akaagiza niletewe kiti, yeye aliyezoea kunikalisha mkekani ubavuni kwake.

“Kitabu tulishasomewa,” alisema. “Mwenzio alikuja nacho. Jina lake liko juu, picha yangu imo ndani. Kasema wewe siku hizi mkubwa, mambo yetu ulishayatupa.”

“Bibi, ile kazi ni yangu.”

“Mbona hukuja wewe?”

Nilipoinuka aliniaga, “Karibu tena, mheshimiwa.”

Njiani kushuka nikampigia rafiki yangu.

“Umekula kweli.”

“Si nilikwambia?” Alikuwa anacheka. “Na mtani hanuni.”

Mimi hucheka hata misibani, lakini siku ile nilikitafuta kicheko mpaka nafika mjini, sikukipata. Kitabu ningemwachia, kama kuku. Lakini mtani hubeba kuku mchana, mwenyewe ukiona. Haendi kwa bibi yako kumwambia umemtupa.